Fungua Mdomo Tu

Ijumaa saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu wa kwaya aliketi katika darasa la muziki akipanga kipindi chake cha kwanza. Alikuwa ameshajaza nusu ukurasa wa daftari. Dakika tano, salamu na kujuana. Dakika kumi, kupumua: mikono kiunoni, mabega yasipande. Dakika kumi na tano, kupima sauti. Alipomaliza kuandika hilo la tatu, mtu akaanza kuimba ndani ya kabati.

Kwa kusikia tu, alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa. Aliimba ubeti wa wimbo wa mashindano ya zamani, akateleza pale pale ambapo watoto wote huteleza, akarudia. Mwalimu alimsubiri amalize, kwa sababu hakupenda kumkatiza mtu katikati ya ubeti, kisha akaenda kufungua. Ndani mlikuwa na vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mende, kinanda kisichokuwa na vibonyezo viwili, na vumbi la miaka. Mtoto hakuwemo. Ilikuwepo sauti yake, kwenye rafu ya pili, na kando yake sauti nyingine sita zilikuwa zimelala.

Kwaya ya shule ilikuwa imekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Chumba kikageuzwa stoo ya madawati, na mwalimu akahamishiwa hesabu, ambayo aliifundisha bila kuipenda wala kuichukia. Sasa mwalimu mkuu mpya alitaka kwaya ifufuke, na mwalimu wa kwaya alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliposikia habari hiyo alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Funguo zililia kwenye korido, ikawa ishara kwamba mhudumu wa shule anakuja. Kila mtu alimwita Mzee Funguo kwa sababu ya rundo alilofunga kiunoni, lililomtangulia kila alikokwenda. Aliingia na ufagio, akaliona kabati liko wazi.

"Zimekusumbua?" akauliza.

"Hapana. Zina muda gani humu?"

"Tangu enzi zile za vikombe. Mwanzoni zilikuwa zinatoroka mpaka uwanjani, nikawa nazirudisha moja moja. Siku hizi zimetulia. Huchachamaa tu wakati wa mvua, au mtu akitaja kupima."

"Mimi sikutaja. Nimeandika."

"Basi zitakuwa zimejua kusoma," alisema Mzee Funguo, akaanza kufagia kutokea pembeni.

Mwalimu alikaa kwenye benchi. Alikumbuka vizuri jinsi siku ya kwanza ilivyokuwa ikienda. Aliwapanga watoto mistari, kila mmoja akaimba mstari mmoja, naye akapita akiinamisha sikio kwenye midomo yao. Aliyekuwa nje ya wimbo hakumfukuza. Wazazi wangelalamika, na tena jukwaani watoto wengi hupendeza. Alimgusa tu bega kwa kidole kimoja na kumwambia taratibu, kwa upole kabisa, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Mtoto alitii. Shule ikachukua kikombe miaka mitatu mfululizo.

"Ndiyo maana waliniita Bi Kidole?" aliuliza.

Mzee Funguo aliacha kufagia. "Kwani wewe ulidhani ni kwa nini?"

"Nilidhani ni kwa sababu ninaongoza nyimbo kwa kidole."

"Ah," alisema mzee. Akaokota chaki iliyovunjika na kuitia mfukoni.

Baadaye mzee alimwonyesha zile sauti, kama anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba. Hii ni ya yule aliyekuja kuwa mlinzi wa benki, mkimya kama ukuta. Hii ni ya muuguzi wa zahanati. Hizi mbili ni za mapacha wale waliohama. Hii ya katikati, inayopenda kuamka mapema kuliko wenzake, mwenyewe alishazikwa mwaka juzi.

"Inajua?" mwalimu akauliza.

"Sijaiambia. Inaimba kwa raha sana, sikuona haja."

Ya sita ilikuwa ya mtu ambaye wote wawili walikuwa wamemsahau. Ya saba ndiyo ile iliyokuwa ikiimba, na mwalimu hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Kabla ya noti ya juu ilikuwa na tabia ya kumeza pumzi kidogo, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Alikuwa ameisikia ikifanya hivyo bafuni, jikoni, na chini ya shuka, kwa miaka tisa. Ilikuwa ya binti yake.

Mzee Funguo alimtafutia kopo la majani ya chai lenye mfuniko. Plastiki, alisema, inazibana. Mwalimu akaiweka sauti ndani. Haikuwa nzito kuliko kiberiti kilichobaki njiti chache. Kabla ya kuondoka alipita ofisini kutoa taarifa, kama inavyotakiwa mtu anapochukua kitu cha shule.

Mwalimu mkuu alikuwa akifuta vile vikombe vitatu kwa kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sauti saba. Zimo kwenye orodha ya vifaa?"

"Hazimo."

"Basi chukua, hakuna wa kukuuliza. Ila zinazobaki zifungiwe, mgeni wa mashindano akija zisituaibishe. Na Jumatatu fanya kama ulivyokuwa ukifanya zamani, mwalimu. Mimi ni mgeni hapa, lakini nimesikia sifa zako."

Aliaga bila kujibu, na mwalimu mkuu akahesabu ukimya huo kuwa ni ndiyo.

Binti yake alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa mitaa miwili kutoka shuleni. Njiani kopo lilivuma kidogo chini ya kwapa la mwalimu. Muuza matunda aliinua kichwa akasema, "Hiyo ni sauti ya pili ya kwaya, au nakosea?" Mwalimu akamwambia hajakosea. Akanunua machungwa mawili kwa sababu aliona si vizuri kupita hivi hivi.

Msimu wa kufungua shule ndio msimu wa sare, na binti alikuwa amezungukwa na sketi za bluu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mcheshi kwa wateja, mwepesi wa maneno. Aliongea kama watu wote. Kuimba tu ndiko hakuimba. Mwanawe alipokuwa mchanga alimlaza kwa kumpigapiga mgongoni, na majirani waliona ni mtindo wake.

"Shikamoo, Mama. Mbona saa hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kitu."

Aliweka kopo mezani na kufungua mfuniko. Sauti ilitoka, ikajinyoosha, ikaimba ule ubeti tangu mwanzo. Binti aliacha kukanyaga mashine. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, mdomoni akiwa na pini tatu, na ubeti ulipokwisha alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kimto cha pini.

"Kumbe ilikuwa wapi?"

"Kwenye kabati la muziki. Nimeijua leo."

Binti alichukua futi ya kamba iliyokuwa shingoni, akaipima sauti urefu, akaipima kifua, akaandika tarakimu mbili pembeni ya kipande cha karatasi. Kisha akajipima yeye mwenyewe. Alifanya hayo kwa uangalifu, kama anavyomfanyia mteja yeyote.

"Ni ya mtoto wa miaka tisa, Mama. Hainienei."

"Haiwezi kuachiliwa kidogo? Kwenye mapindo?"

"Haina pindo. Ingekuwa imekua pamoja na mimi, sawa. Sasa hivi nikiivaa itachanika." Aliikunja taratibu, akairudisha kwenye kopo, akabana mfuniko. "Irudishe kwa wenzake. Imeshazoea kule."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja. Nje watu walipita na mabegi mapya. Alitafuta pa kuanzia.

"Ulikuwa huimbi vibaya," alisema. "Ulikuwa unachelewa tu kidogo. Wiki mbili za mazoezi ungekaa sawa. Lakini nilipofika kwako nikaona walimu wenzangu wananitazama, nikasema nikikuacha watasema nampendelea mwanangu."

"Walisema?"

"Hapana."

"Basi," alisema binti. Hakukasirika. Alivuta sketi nyingine, akailaza chini ya sindano. Kabla hajakanyaga aliuliza, macho yakiwa kwenye kitambaa, "Jumatatu utapima?"

"Sitapima. Hilo nitalifuta. Wote wataimba."

"Sawa, Mama."

Ilikuwa ile sawa ambayo mtu humpa mgonjwa anayesema kesho ataamka kwenda shambani. Mwalimu aliisikia hivyo, akaacha machungwa mezani, akarudisha kopo shuleni. Sauti iliwekwa kwenye rafu ya pili. Usiku huo alikata mstari wa tatu katika daftari, akaandika juu yake: kuimba pamoja, wote.

Jumatatu walikuja watoto sitini na watatu, wakiwa na soksi mpya na harufu ya sabuni. Mjukuu wake, msichana wa miaka minane, alisimama mstari wa tatu na kumwamkia kwa heshima kama wengine, kwani walikuwa wamekubaliana kwamba shuleni hakuna Bibi. Salamu zilichukua dakika kumi badala ya tano. Kwenye kupumua mabega yalipanda, watoto wakacheka, mabega yakashuka. Mwalimu mkuu aliingia na kusimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Mwalimu aliwaambia, "Humu hakuna wa kuambiwa anyamaze. Anayejua aimbe, asiyejua aimbe." Akawapa wimbo wa asubuhi ambao kila mtoto hufundishwa chekechea, akainua mkono, safari hii kiganja chote.

Waliimba. Ilikuwa vurugu, kila mmoja na njia yake, na wawili nyuma walikuwa wanapiga kelele tu. Mwalimu alijisikia vizuri kama mtu aliyevua viatu. Ila katika mstari wa tatu palikuwa na tundu. Sikio lake lilikuwa limefundishwa kazi hiyo kwa miaka, na hakuweza kulizuia. Alipita kati ya watoto, akafika, akainama mbele ya mjukuu wake.

Mdomo ulikuwa unafunguka na kufungika barabara. Kila neno lilikuwa mahali pake. Irabu zilikuwa za mviringo, kidevu kilishuka vizuri, macho yalimtazama kiongozi. Hakikutoka kitu ila pumzi yenye joto na harufu ya dawa ya meno.

"Mbona huimbi, mjukuu wangu?" alinong'ona, akisahau makubaliano.

Mtoto alimaliza kwanza ubeti, kwa midomo. Kisha akamnong'oneza, "Mama amenifundisha, Bibi. Tumefanya mazoezi Jumamosi na Jumapili. Amesema nikifanya hivi sitaguswa bega."

"Na sauti yako iko wapi?"

"Nimeiacha dukani. Mama ameiweka kwenye droo ya nyuzi."

Mwalimu alisimama wima. Watoto wengine walikuwa wakiendelea, hakuna aliyegeuka. Kutoka mlangoni mwalimu mkuu alimnyooshea mkono yule msichana wa mstari wa tatu.

"Huyo mnamwona?" aliwaambia wote. "Huyo ndiye mwenye nidhamu. Wengine mtajifunza kwake." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoka. Wiki iliyofuata alileta barua kwamba sare za kwaya ni arobaini, na kwamba wengine ishirini na watatu wanaweza kusimama nyuma wakifungua mdomo tu. Mwalimu aliandika kupinga, barua mbili. Zilijibiwa kwa adabu.

Lakini hilo lilikuwa bado. Jumatatu hiyo, kengele ya mwisho ilipolia, alimshika mjukuu wake mkono wakaenda moja kwa moja dukani. Binti alikuwa anamalizia kifungo. Mtoto akaenda kukaa kwenye marobota ya vitambaa, na mwalimu akabaki amesimama karibu na meza, upande wa wateja.

Ndani ya droo, kati ya nyuzi, kulikuwa na mtu mdogo anaimba. Mwalimu hakuwa ameisikia sauti hiyo kabla. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini, nyembamba juu, na ilikuwa inabuni wimbo wake yenyewe, kuhusu mbuzi aliyekula sketi. Alisikiliza muda mrefu.

"Leo sikupima mtu," alisema.

"Ameniambia."

"Kesho angeweza kuja nayo. Ningekaa naye mbele, mimi mwenyewe."

Binti alikata uzi kwa meno. "Mama, najua leo hukupima. Kesho pia labda hutapima. Lakini siku ya mashindano, ukumbi umejaa, mwalimu mkuu amekaa mbele, na huyu amechelewa kidogo kama nilivyokuwa nachelewa mimi. Utafanya nini?"

Mwalimu alifungua mdomo. Alitaka kuapa, lakini alikuwa mtu mkweli, akaona ukumbi huo, akaona na uso wake mwenyewe. Akaufunga mdomo.

"Ni sauti ya kwanza au ya pili?" aliuliza baadaye, kwa sababu ilibidi kuuliza kitu.

"Hatujui," alisema binti. "Hatujaipima."

Akafunga droo kwa ufunguo, akautia kifuani. Walizima mashine, wakashusha shata la mlango, wakatoka watatu pamoja kuelekea nyumbani wakizungumzia mvua. Mtoto alitembea katikati. Bibi alibeba mkoba wa shule wa mjukuu, kwa kuwa huo ndio aliopewa abebe.