Ombi Limepokelewa

Kila asubuhi timu nzima tunasimama mbele ya ukuta wa karatasi za rangi, kila karatasi kazi moja. Kila mmoja anasema alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha. Tunasimama ili tusipige soga. Siku ile mimi niliropoka.

"Kinachonikwamisha ni karatasi ile pale. Uhamisho wa walimu. Inaota kutu ukutani!"

Tunatengeneza mfumo wa kompyuta wa idara ya elimu, na tangu tuanze, idara haipokei tena barua za uhamisho. Walimu wasubiri mfumo. Mke wangu ni mwalimu, yuko mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na mtoto wetu akiniona kwenye simu ananionea haya kama mgeni. Kipande cha uhamisho naweza kukiandika, lakini cha kuandikwa kila awamu ya wiki mbili huchaguliwa na mwakilishi wa idara. Tunamwita Mzee wa Grafu, maana roho yake iko kwenye michoro ya kumpelekea mkurugenzi.

"Haya, ndugu yangu, umeshinda," akasema. "Ila kazi ni kubwa, tuikate. Awamu hii mwalimu aweze kuomba. Kuidhinisha, awamu ijayo."

"Sasa aombe, halafu?"

"Si ninyi mlionifundisha kwenda kwa vipande?"

Kweli tulimfundisha, na ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Niliiandika fomu kwa moyo wote. Siku ya kuionyesha idara kazi yetu tulipigiwa makofi, karatasi ikahamishiwa upande wa kazi zilizokamilika. Awamu iliyofuata, Mzee wa Grafu akachagua grafu ya maombi yaliyopokelewa badala ya kuidhinisha. Nilibisha mpaka sauti ikanikauka.

Mchana huo mke wangu akapiga simu.

"Baba watoto, wamenijibu! 'Ombi lako limepokelewa, tunalishughulikia.' Yaani papo hapo! Nimeshamwambia mwenye nyumba tunahama."

Maneno hayo mfumo humtumia kila anayeomba, na niliyaandika mimi mwenyewe, hata ile "tunalishughulikia" niliiongeza ili mtu asivunjike moyo. Nikafungua kinywa nimweleze. Nikajikuta namuulizia mtoto.

"Hebu ongea na mwanao, leo hana haya."

Mtoto akashika simu. "Baba, huko kwako kuna nafasi ya baiskeli yangu?"

"Ipo," nikamwambia. Hilo angalau lilikuwa kweli.