Sanduku Alilopewa Salima

Jumapili ile Papa Adalbert alipita mbele ya kibanda cha Cibalonza bila kusimama. Alimpungia mkono, akamwambia "Mungu akubariki, maman," kama mtu anayemsalimia muuza ndizi wa njiani, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwa Salima.

Cibalonza alibaki amemshikia bunduki mkononi. Alikuwa ameshaitia risasi.

Huyu Adalbert alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kupima viwanja, na hakuna aliyepiga shabaha kama yeye. Kila Jumapili baada ya misa, watu wa Bukavu waliposhuka kutembea kando ya ziwa chini ya mtaa wa Muhumba, alikuja kwa Cibalonza kuangusha makopo. Watu walimzunguka kumtazama, na wakishamtazama wanataka kujaribu nao. Cibalonza na mume wake Mugisho ndio waliotangulia kuweka mchezo ule pale uwanjani: ubao, makopo matupu, maputo, zawadi za sabuni na biskuti, na bunduki mbili za upepo, zile zinazorusha vidonge vidogo tu vya risasi. Kwa muda mrefu walikuwa peke yao.

Halafu akaja Salima. Alitoka Uvira, mwanamke mwembamba wa mtandio na maneno machache, akaomba nafasi upande wa pili wa uwanja. Naye alikuwa na bunduki mbili, urithi wa marehemu baba yake, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma na kurudi. Hakupiga kelele kuita watu. Aliziweka mezani, basi, na jua likaziangukia, nazo zikang'aa nyeusi tii.

Za Cibalonza hazikung'aa. Msimu wa mvua ulikuwa umekolea, ukungu wa ziwa unapanda asubuhi hadi Kadutu walikokaa, juu mlimani, na kuingia ndani ya nyumba, nguo hazikauki, chumvi inalowa kwenye kopo. Kutu ilikuwa imeanza karibu na kifyatulio, ikapanda kwenye mtutu kama upele. Mugisho aliisugua kwa msasa mpaka ile rangi nyeusi ya kiwandani ikatoka, chuma kikabaki uchi, na kutu ikarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Siku moja binti aliyevaa gauni jeupe la komunyo aliikumbatia bunduki begani kulenga, akainuka na mstari wa rangi ya matofali kutoka begani hadi kiwikoni. Mama yake alipiga kelele uwanja mzima ukasikia.

"Angalia zile za mwenzako," Mugisho alimwambia mkewe jioni ile wakifungasha. "Zinang'ala kama sahani ya arusi. Ule mwanamuke anajua kazi."

Alisema hivyo bila ubaya, lakini Cibalonza alilibeba neno lile mlima wote wa kupanda Kadutu. *Anajua kazi.* Tangu lini Mugisho alimsifu yeye hivyo? Nani aliyesimama juani na watoto mgongoni wakati mchezo ule haujulikani? Aliwaza ule mtandio, na ile mikono ya taratibu ikimkabidhi Papa Adalbert bunduki.

"Iko na dawa," alisema mwishowe. "Hauoni? Mvua ni ile ile, ziwa ni lile lile. Juu ya nini kutu inashika zangu tu?"

Mugisho alicheka. Hapo ndipo alipokosea, kwani kicheko kile kilimwuma mkewe kupita sifa.

Katikati ya juma Cibalonza alikata shauri kwenda kujionea. Alichukua mkungu mdogo wa ndizi ili asiende mikono mitupu, akashuka hadi kwa Salima, nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengine uani. Salima alimpokea kwa furaha iliyomtia Cibalonza aibu kidogo. Akamwekea kiti, akaleta chai ya tangawizi.

Macho ya Cibalonza yalizunguka chumba yakitafuta hirizi, kitambaa chekundu, chochote. Aliona zile bunduki mbili tu, zimetundikwa kwa misumari ukutani, mbali na dirisha, hewa inazipitia pande zote.

"Unaziwekaka pale tu?" aliuliza. "Bila kufunika?"

"Sina pa kuziweka pengine, dada," Salima alijibu. "Nikirudi uwanjani nazipangusa jasho la mikono ya watu, napitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kidogo tu, basi. Baba alikuwa anafanya hivyo."

Cibalonza alikunywa chai yake polepole. Mafuta hata yeye alipaka. Jasho hata yeye alipangusa. Lakini zake zililala kwenye sanduku zuri la mbao lenye kufuli, ambalo mjomba wa Mugisho alilinunua Kampala pamoja na bunduki, na ndani yake kulikuwa na sponji nene iliyokatwa kwa umbo la bunduki. Alikumbuka jinsi sponji ile ilivyokuwa baridi kila akiigusa, unyevu kama kitambaa cha kupigia deki kisichoanikwa. Mara moja akaelewa. Sanduku lilikuwa linakunywa ukungu na kuzinywesha bunduki.

Angeweza kufurahi. Alikuwa amepata alichokitafuta. Badala yake alizidi kukasirika kwa sababu Salima hakuwa na siri yoyote ya kumwibia. Huyu mwanamke alikuwa amemshinda kwa misumari miwili.

"Lakini naogopa," Salima aliendelea. "Mdogo wangu Maisara anaolewa Uvira, nitakaa kule wiki kadhaa. Hapa uani watoto ni wengi, mlango wangu si imara. Mtoto akizishusha akamtoboa mwenzake jicho, nitasema nini? Ningekuwa na sanduku la kufuli kama lile lako, ningelala usingizi."

Uani mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Cibalonza alijua neno ambalo jirani mwema angelisema hapo, lilikuwa fupi: *lina unyevu*. Lilimfika hadi kwenye meno, akalimeza.

"Nitakupa langu," akasema.

"Dada! Na zako je?"

"Zangu zimezeeka. Wewe chukua, nakupa kabisa. Iko na kufuli na funguo mbili."

Salima alimshika mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga. "Tangu nihamie Bukavu," alisema, "hakuna mtu aliyenitendea hivi."

Salima akasafiri. Mvua zikaikata barabara ya Ngomo iendayo Uvira, magari yakalala njiani, na wiki zake zikawa nyingi kuliko alivyopanga. Huku nyuma Cibalonza alipiga misumari ukutani. Alizisugua bunduki zake upya, safari hii bila msasa, kwa mafuta na sufi laini ya chuma, taratibu kwenye madoa ya kutu mpaka yakalegea, mswaki wa zamani ukaingia kwenye pembe za kifyatulio, kitambaa kikapita ndani ya mtutu kikitoka cheusi, kisha cha kahawia, kisha cheupe. Weusi wa kiwandani haukurudi, lakini chuma kilikuwa safi.

Watu walirudi. Papa Adalbert naye alirudi, akaangusha makopo yote, akaulizia lini maman wa Uvira atakuja. "Sijui," Cibalonza alijibu, akamtilia risasi nyingine. Alicheka sana Jumapili zile, akawaongezea watoto biskuti. Ila kila mvua iliponyesha Kadutu na maji kutiririka kwenye vichochoro, aliliona lile sanduku limefungwa kwenye chumba kisicho na mtu, akajisikia kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mugisho alimwuliza sanduku liko wapi. Alimwambia amemwazima Salima, akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Salima aliporudi hakupita kwingine. Alifika kwa Cibalonza kwa pikipiki, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira, mtandio umelowa. Mugisho alikuwa kazini. Salima aliliweka sanduku barazani na kulifungua, na Cibalonza, aliyejua atakachokiona, hata hivyo alirudi nyuma hatua.

Zilikuwa nyekundu. Kutu ilikuwa imezifunika kuanzia ncha hadi kifyatulio, imevimba pale zilipogusa sponji, na harufu yake ilikuwa kama ya damu.

"Sijui nimefanya nini," Salima alisema. "Nilizipaka mafuta kabla ya kufunga, wallahi. Za baba, dada Ciba. Nisaidie. Wewe zako zilikuwa na kutu, naona umezitoa."

Wakakaa chini wote wawili, kila mmoja na bunduki magotini. Cibalonza alileta mafuta na sufi ya chuma. Walisugua. Vidole vikawa vya kahawia, sketi zikawa za kahawia. Bunduki aliyoshika Salima ilisafika vizuri kiasi. Ile aliyoshika Cibalonza ilikuwa imeliwa, chini ya kutu kulikuwa na vitundu kama vya uso wenye ndui, na kitambaa kilipopita ndani ya mtutu kilikwaruza. Akasugua zaidi. Alisugua kana kwamba yule marehemu mwenye bunduki anamtazama kutoka Uvira makaburini.

"Dada," Salima akasema, hakuinua uso. "Zako unaziwekaka wapi sasa?"

"Kwa ukuta."

"Kwa misumari?"

"Ndiyo."

Sufi ya Salima ikasimama. "Tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Alitafuta uongo na haukuja. "Tangu nilipotoka kwako," alisema. "Nilijua, Salima. Nilipokaa kwako na ile chai, nilijua ni sponji njo inaleta kutu. Ukaomba sanduku, nikanyamaza. Papa Adalbert alikuwa anapita mbele yangu kama sipo. Mume wangu anakusifu ndani ya nyumba yangu. Nilitaka zako zichafuke kama zangu. Njo vile."

Cibalonza alingojea matusi, hata kofi angelipokea.

"Nilikuombea kule harusini," Salima alisema. "Mbele ya shangazi zangu. Nilisema nina dada Bukavu."

Akainuka, akazifunga bunduki zake ndani ya kanga, akaondoka kwa miguu kushuka mlima. Sanduku aliliacha wazi pale barazani.

Mugisho alipoambiwa, hakucheka safari hii. Alisema, "Na sasa?" Cibalonza alilivuta lile sanduku hadi uani na kuichana sponji yote, akaitupa.

Jumapili iliyofuata Salima alikuja uwanjani kama kawaida. Cibalonza alikuwa ameomba asije, na alikuwa ameomba aje. Alimwona akipanga makopo, na watu wa kwanza wakifika. Ile bunduki yenye vitundu ilikuwa inapotosha: kijana mmoja alilenga kopo, akapiga ubao, akalenga tena, akapiga hewa, watu wakacheka, akaiweka chini na kuondoka.

Cibalonza alichukua ile nzuri katika zake mbili, akavuka uwanja. Hatua zile zilimwia nzito, watu wote walikuwa wanaona.

"Chukua hii," alisema. "Ile iliyoharibika unipe mimi."

Salima aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mtutu. Akatia risasi, akalenga, akapiga. Kopo la mwisho pembeni likaruka. Akaiweka mezani kwake, akachukua ile ya baba yake, na kwa muda ilionekana kama hataweza kuiachilia. Kisha akamkabidhi.

"Ipanguse kila siku," alisema. "Hata usipoitumia."

"Nitapangusa."

"Na usiniite dada kwanza."

"Sawa."

Cibalonza alirudi kibandani kwake. Aliwaambia wateja walenge kushoto kidogo ya kopo, na waliofuata shauri lake walipata, mara mojamoja. Muda si mrefu Papa Adalbert akatokea akitoka misani, koti lake la Jumapili limefungwa vifungo vyote. Alisimama katikati ya uwanja, akaangalia huku, akaangalia kule, akaenda kwa Salima.

Iliuma. Iliuma palepale ilipouma siku zote. Cibalonza aliangalia makopo ya mwenzake yakianguka moja baada ya jingine, akasikia watu wakipiga makofi, kisha akamgeukia mama aliyekuwa anangoja mbele yake na binti wawili, akaifuta bunduki kwa kitambaa, akampa.

"Kushoto kidogo, maman," alimwambia. "Usiogope, haichafui nguo."