Eda Ndani ya Mashua

Nasema wazi, asiyetaka asisikilize: mwaka ule wa sabini hapa Msimbati mtalii sikumwona, wala kivuli chake. Ng'ambo ya Ruvuma mabomu yanalia, vyungu vinatikisika jikoni, nani aje kuogelea? Lakini halmashauri ya wilaya ilikuwa imepata fungu la utalii, na fungu likipatikana lazima liliwe. Wakajenga banda la wageni, wakapaka mawe chokaa. Kisha wakaamua kwamba mashua zote zilizotelekezwa ufukweni ziondolewe, zisije zikawachafulia wageni macho.

Zilizotelekezwa! Mashua ya marehemu mume wangu, Issa, ilikuwa imelala pale juu ya magogo, imefunikwa makuti. Issa alikufa kwa homa, hata miezi miwili haijatimia, na mimi nimo edani. Kwetu chombo cha marehemu hakiguswi mpaka mjane atoke eda. Diwani Isihaka, mzaliwa wa hapa hapa, aliyekula wali wa matanga ya Issa mpaka akalamba vidole, ndiye aliyeleta habari kwamba Jumatatu itapasuliwa kuni.

Mashua ile ndiyo shamba langu. Mikorosho sina, mwana sina. Ikipasuliwa, nirudi kijijini Mahurunga kwa kaka yangu nikasubiri ukoko wa mke wake! Nililia, kisha hasira ikanikausha machozi.

Nikamtuma wifi yangu Hadija akamuulize mwalimu wa madrasa. Akarudi na jibu: mjane akiwa na dharura atoke mchana, usiku alale kwake.

"Basi dharura ninayo," nikasema. "Nipe mkeka."

"Wifi, watu watasema."

"Waache waseme. Mdomo jumba la maneno."

Jumatatu asubuhi nikapanda ndani ya mashua na nguo zangu za eda, nikatandika mkeka, nikajifunika, nikakaa. Hadija akasimama pembeni. Wapasuaji wakaja na mashoka, vijana wetu wenyewe waliopewa kibarua na halmashauri. Waliponiona wakageuza nyuso kana kwamba wamenikuta naoga. Mwanamume wa kwetu hamsogelei mjane aliye edani. Wakaweka mashoka chini, wakaenda kukaa mbali.

Diwani Isihaka akaja mbio, jasho linamtiririka. Hakunitazama. Akamwambia Hadija, "Mwambie wifi yako atoke. Halmashauri imeamua kuondoa vyombo visivyo na mwenyewe."

Desturi ilitaka Hadija anijibie. Nikamtangulia.

"Mwenyewe huyu hapa, Isihaka. Kama huoni, uliza."

"Astaghfirullah! Mjane unapayuka hadharani?"

"Na wewe unavunja chombo cha marehemu hadharani! Nani kati yetu hana haya?"

Vijana wakacheka chini chini. Hapo akapandwa na mori, akaokota shoka mwenyewe, akaipiga mashua ubavuni. Ubao ukapasuka, na mimi nikasikia uchungu mpaka kwenye mbavu. Nikanyoosha mkono, nikauweka juu ya ule ufa.

"Piga tena," nikasema. "Piga hapa hapa."

Shoka likabaki juu. Akawageukia vijana, hakuna aliyeinuka. Mmoja wao, aitwaye Jumanne, akasema kwa sauti, "Bwana Diwani, kibarua hiki mimi sikitaki." Isihaka akalitupa shoka mchangani, akaondoka anabwata kwamba ataleta polisi. Hakuleta. Polisi gani angethubutu kumshika mjane aliye edani?

Nilikaa mle kila mchana mpaka eda ikaisha. Banda lao la wageni likawa la mbuzi. Kisha tukaziba ufa kwa pamba na mafuta ya papa, nikatafuta nahodha. Siku ya kuiteremsha majini walikuja watu tele kusukuma, wanaimba. Isihaka naye akaja, amekunja suruali mpaka magotini, anatafuta pa kushika.

"Ondoa mkono," nikamwambia mbele ya watu wote. "Wewe kasukume watalii wako."