Magunia Manane ya Mama Mchanga

Mtunza stoo wa karakana ile ya kupaka vyuma nikeli alikuwa na kosa moja ambalo wenzake hawakumsamehe: alisoma karatasi. Kila dumu la dawa liliingia na karatasi yake ya tahadhari. Wengine walizigeuza vipepeo wakati wa joto, lakini yeye alivaa miwani, akazisoma neno kwa neno, akazitoboa na kuzifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Miaka ishirini na miwili ya kusoma hivyo ilimwachia neno moja ambalo hakuchoka kulisema: tindikali ya nitriki ikimwagika, imwagieni mchanga mkavu, msithubutu kuimwagia unga wa mbao.

Karakana nzima, lakini, iliapa kwa unga wa mbao. Ulitoka bure kwa seremala jirani, ukajazwa kwenye pipa karibu na mlango, na mafuta yakimwagika mtu aliuchota, akaumwaga, akafagia, kazi ikaisha. Kwa mafuta hakuna ubaya. Ila nitriki si mafuta. Ikikutana na mbao haihitaji kiberiti, na ikishawaka haitafuti hewa, maana inabeba pumzi yake yenyewe.

"Mama, unajenga nyumba humo ndani?" walimuuliza kila walipoyaona magunia yake manane. Wakamwita Mama Mchanga. Na aliyembatiza jina hilo, Mungu anamwona, alikuwa mke wa mwanawe, aliyefanya kazi ghorofani katika chumba cha kufungasha. Wawili hao waliishi nyumba moja na walikuwa na siku tisa hawasemezani. Kisa kilikuwa chumvi. Mama Mchanga alionja chungu cha mkwewe na kuongeza kidogo, mbele ya wageni.

Jumatatu ya wiki ile msimamizi mpya, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, aliamuru mchanga utupwe. Stoo si machimbo, alisema. Mama Mchanga akajibu, "Sawa, baba," akayasogeza magunia nyuma ya mlango na kuyafunika turubai. Alipoulizwa kama yametoka, alisema yametoka. Yalikuwa yametoka pale yalipokuwa.

Alhamisi asubuhi, saa nne kasorobo, toroli lilivunjika gurudumu mbele ya ngazi ya kupandia ghorofani. Dumu la nitriki likaanguka, kifuniko kikapasuka, na tindikali ikaanza kutambaa sakafuni ikifuka moshi mwembamba. Mama Mchanga alisikia kishindo akiwa stoo. Alipofika mlangoni, msimamizi mwenyewe alikuwa ameinamisha pipa la unga wa mbao.

"Usimwage!" alipiga kelele.

Alikwisha kumwaga. Kwa pumzi mbili tatu hakukutokea kitu, na mtu mmoja akaanza hata kucheka. Kisha unga ukachemka, moshi wa rangi ya kutu ukainuka, na moto ukalipuka chini yake. Msimamizi alirudi nyuma akikohoa, akanyakua kizimamoto cha unga wa kemikali na kukimalizia chote hapo. Moto ulififia, ukapumua, ukarudi.

"Tokeni wote, mlango wa uani!" Mama Mchanga alisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia kumwamsha mwanawe enzi za shule. "Upepo unatoka huko. Moshi huo msiuvute hata kidogo!"

Walitoka. Ndipo alipotazama moshi ulikoelekea. Upepo wa uani ulikuwa unausukuma moja kwa moja kwenye ngazi, na ngazi ilikuwa ya mbao. Juu walikuwa wafungashaji kumi na wawili, na mkwewe miongoni mwao.

Alirudi stoo, akamwagiza karani wake apige simu zimamoto kwa ile ya mezani, na yeye akampigia mkwewe kwa simu ya mkononi. Iliita mara mbili. Siku tisa, aliwaza. Leo asipopokea?

"Mama?" Mkwewe alikuwa amepokea. "Kuna moshi! Ngazi bado iko wazi, tunashuka mbio!"

"Msishuke!"

"Mama, tutafia huku!"

"Mkishuka ndipo mtakapokufa. Moshi huo ni sumu, ukiuvuta mara tatu humalizi ngazi. Funga mlango. Lowesheni nguo mzibe chini yake. Kisha fungueni madirisha ya uani, mkae hapo hapo, ngazi ya zimamoto inakuja."

 Nyuma ya mkwewe wanawake walikuwa wanalia, na mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba yeye anashuka, atakayebaki abaki.

"Mwanangu," Mama Mchanga alisema. "Nimekukosea mengi. Chumvi nimekukosea. Lakini mara hii moja tu, nisikilize."

 Kisha alisikia mlango ukibamizwa, na mkwewe akifoka kama bibi harusi aliyeibiwa viatu: "Hakuna anayeshuka! Mama Mchanga amesema hakuna! Leteni maji!"

Mama Mchanga hakuwa na nafasi ya kulia. Alivaa buti za mpira, glovu na miwani ya kazi, akavuta turubai. Kando ya moto, hatua sita tu, yalisimama madumu mengine kumi na manne ya nitriki, juu ya fremu za mbao. Yangefikiwa hayo, hakuna ngazi ya zimamoto ambayo ingemfaa mtu.

Mwendesha toroli alirudi bila kuitwa. "Nielekeze, mama."

Wakaanza, upepo mgongoni. Gunia la kwanza lilikata njia kati ya tindikali na madumu. La pili likaikata njia ya ngazi, la tatu likaziba mdomo wa mfereji wa maji taka. Walijenga tuta wakiinama, wakirudi mlango wa uani kutupa magunia matupu nje na kuvuta hewa safi, wakiingia tena. Gunia la nane lilipomwagwa, tindikali ilikuwa imezingirwa pande zote. Kisha wakavuta mpira wa maji.

"Wapi, kwenye moto?"

"Kwenye madumu kwanza, yapoe. Kisha moto, kwa mbali, maji mengi, yaanguke kama mvua. Ukiyapiga kama mkuki yatakurushia tindikali usoni."

Zimamoto walipoingia uani, madumu yote kumi na manne yalikuwa yanachuruzika maji, na moto ulikuwa umebaki kunung'unika ndani ya tuta. Walioingia kuumaliza walibeba mitungi ya hewa mgongoni. Ngazi yao ndefu ikaegemezwa dirishani, na wafungashaji wakashuka mmoja mmoja huku Mama Mchanga akihesabu kwa vidole. Tisa, kumi, kumi na moja.

Kiongozi wa zimamoto alitazama tuta lile kupitia mlangoni. "Nani aliyeweka mchanga hapa?"

Kila mtu akaangalia shati lililopigwa pasi, ambalo sasa halikuwa na hali. Msimamizi akakohoa. "Mimi niliagiza utupwe," alisema. "Yeye alinidanganya."

"Na wewe unapanda gari la wagonjwa," Mama Mchanga alisema.

"Mimi? Niko mzima."

"Ndivyo ulivyo moshi huu," kiongozi alisema. "Unamwacha mtu aende nyumbani, kisha unamfuata huko. Panda."

Kweli, jioni kifua kilimbana, lakini kilimbana akiwa kitandani hospitalini, oksijeni puani. Wiki mbili baadaye alirudi kazini sauti imekwaruza, shati halijapigwa pasi, gunia la mchanga begani, akauliza kwa adabu aliweke wapi.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ile, wa kumi na mbili kushuka alikuwa mkwewe, aliyekataa kutoka mpaka chumba kiwe tupu. Alipokanyaga chini tu, mavyaa yake akamdaka akiwa bado amevaa glovu zake kubwa, kisha akakumbuka, akazivua, akamdaka upya. Wote wawili walilia bila aibu, na uani kukapigwa vigelegele.

"Nimekusikiliza, Mama," mkwe alisema.

"Umenisikiliza."

"Lakini chungu changu," alisema huku akijifuta pua, "usikiguse tena."

Mama Mchanga alicheka mpaka akakaa chini, juu ya magunia yake manane matupu.