Maji Meupe ya Beseni

Kwa Mama Klara, pale Vuga, vitambaa vya hedhi vililowekwa kwenye beseni la bluu nyuma ya jiko, vikafuliwa, kisha vikaanikwa kambani chini ya kanga ili mwanamume anayepita asivione. Na mama yule, msimwone mpole, kila mwezi aliitupia jicho kamba ile. Haulizi kitu. Siku kamba ikiwa tupu ndipo angeuliza.

Ndiyo maana Klara, binti wa kidato cha tatu, alikuwa anafua vitambaa safi. Mwezi wa pili huu hajaziona siku zake. Alivilowesha, akavikamua, akavianika, akiangaza huku na huku kama mwizi. Ukungu nao ulimkomoa tu. Vitambaa havikauki, na kila mama alipotoka kumwaga maji Klara alikimbilia kambani asije akavikagua.

Aliyemtia kwenye balaa hilo ni Valentino, dalali wa karoti, mtu mzima mwenye mke na watoto kule Mazinde. Mama alikuwa kwenye kwaya siku ile. Valentino alimfungia mlango ghalani, na alipomfungulia alimwambia, "Ukisema, karoti za mama yako zitaoza shambani, na mdogo wako ataacha shule." Klara akanyamaza. Aliogopa mchana, akaogopa usiku, lakini alijipa moyo kwamba angalau anamkinga mdogo wake Happiness, mtoto wa darasa la saba, wa juzi tu jamani.

Jumamosi Valentino akaja kupima karoti. Mama akamkaribisha ndani kama mwanawe, akamwekea chai. Klara akazunguka nyuma ya jiko na vitambaa vyake safi mkononi.

Beseni lilikuwa na vitambaa tayari, vya Happiness, vile vilivyochanwa kwenye kanga ya kijani. Maji yalikuwa meupe, kama yametoka kuchotwa. Klara akakamua kitambaa kimoja, akakamua na kingine. Hakuna hata doa. Maji yale aliyajua, maana ndivyo yalivyokuwa yake.

Happiness alikuwa amesimama kando ya banda la mbuzi.

"Dada, nakuomba usimwambie mama."

"Ni nani?" Klara aliuliza.

"Amesema nikisema, wewe utaacha shule."

Klara hakumaliza hata kumsikiliza. Alilibeba beseni, maji yakimmwagikia sketi, akaingia nalo sebuleni, Happiness nyuma yake, na kulitua mezani, karibu na kikombe cha mgeni.

"Mama, tazama haya maji. Vitambaa hivi ni vya Happiness, na vyangu hivi hapa. Tunafua vitambaa safi ili usijue. Hatuzioni siku zetu, mimi wala yeye. Ni huyu."

Valentino akacheka kidogo. Alisema watoto wa siku hizi wana mambo.

Mama alichovya mkono kwenye beseni, akautoa, akautazama. Kisha akawatazama binti zake wawili.

"Tokeni nje, wanangu."

Akatoka nyuma yao, akavuta mlango na kutia kufuli lile kubwa la ghala, Valentino akiwa bado ndani na chai yake. Halafu Mama Klara, ambaye alikuwa haulizi kitu, alisimama uani akapiga yowe mpaka bonde zima likaacha majembe.