Randa Sita za Kijani

Kipara alikuwa hatulii. Alikwangua ubavu wa randa moja, akaiacha, akashika nyingine, akairudia ile ya kwanza. Randa sita za chuma, za kulainishia mbao, zilikuwa mezani mle karakanani, zote zimevimba kwa rangi ya kijani ya kampuni, kutu ikichungulia kila palipobanduka. Saa saba zilikuwa zifungiwe kwenye kabati la vioo pale mapokezi, chini ya kibao cha kuisifu kampuni kwa kutunza historia. Historia! Zana zile mafundi walizinunua wenyewe. Walipogoma, kampuni iliwatimua, ikabaki na zana, ikazipaka rangi yake. Basi, zikawa zake.

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Asubuhi meneja alikuwa amemwambia: thibitisha ya mumeo ni ipi kabla ya saa saba, uichukue.

"Shemeji, unakwangua au unaipapasa?" mjane aliuliza.

"Usinipelekeshe. Kwa mashine ya grinda ningemaliza zamani, na alama ingekwenda na kutu."

Enzi zile kila fundi aligonga alama yake ubavuni mwa randa kwa ncha ya chuma. Ya kaka yake ilikuwa vitone vitatu na mstari, vyote vya juujuu tu, maana marehemu alikuwa na mkono mwepesi. Kwa hiyo Kipara alipaka dawa ya kubabua rangi, akangoja itoe malengelenge, akaikwangua kwa kipande cha mbao, kisha akailowesha kutu kwa siki na kuisugua kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Kungoja ndiko kulikomuua. Alikwenda mlangoni, akarudi, akatazama saa, akatukana saa.

Kwenye randa ya nne, kidole kilikwama. Alifuta kwa kitambaa. Kitone. Kitone. Kitone. Mstari.

"Ni yenyewe," alisema.

Shemeji alikuwa ameshainyakua.

Meneja aliingia akitazama simu. Aliinamia zile alama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mzee wangu, hivi vidoa si umevigonga leo asubuhi?"

"Tazama ndani ya vitone. Rangi ya kijani imejaa."

"Umeipachika. Wewe si fundi? Nani atashuhudia kwamba alama ilikuwepo kabla ya rangi?"

Kipara aliweka kitambaa mezani. Alizunguka meza mara moja, kisha mara ya pili. Ukutani saa ilionyesha saba kasoro dakika kumi.

"Aliyepaka," alisema hatimaye.

"Yuko wapi?"

"Mimi hapa. Siku ya tatu baada ya mgomo. Msimamizi alinipa brashi na kopo, akasema ukipaka unabaki kazini. Niliziona alama zote sita. Nilipitisha brashi mara mbili zisionekane."

Meneja alikohoa. Shahidi aliyemtaka alikuwa mbele yake. Alipunga mkono kwamba ichukuliwe, akatoka kwenda kuwapokea wageni.

Shemeji alibaki amesimama, randa kifuani, uji wa kutu ukimchafua blauzi.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "unakuja kwangu, unakula, unaniambia kampuni ilipaka, kampuni ilipaka. Kampuni ina mikono?"

"Shemeji..."

"Nyamaza. Hizo tano ni za nani?"

Kipara akamtajia wote, mmoja mmoja, bila kukosea: wa mguu mfupi, mpiga filimbi, ndugu wawili waliotokea kiwanda cha mbao, na yule mkimya.

"Wana wake na watoto?"

"Wanao."

"Basi kaa chini ukwangue. Mimi nakwenda kuwaita."

"Na kabati? Wageni wameshafika!"

"Wataangalia vioo," alisema, akatoka.