Bi Mkubwa Ameanguka Vizuri

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa kwa sababu kila kitu aliletewa pale alipo. Kukaa peke yake alikuwa hajaweza. Tangu azaliwe, mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito, ngumi imefumbwa. Mama yake alifanya kazi mji mwingine, kwa hiyo mlezi alikuwa bibi, na bibi alishaapa kwamba mjukuu huyo hataanguka hata siku moja.

Siku ya kupimwa kliniki, bibi alimvalisha gauni jipya, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole mwenye kalamu sikioni, aliwakaribisha kwenye godoro lililotandikwa sakafuni.

"Mwache akae, bibi. Nataka kuona atajishikilia kwa muda gani."

Bi Mkubwa akakaa wima kama askari wa gwaride. Dada akahesabu: ishirini, thelathini, arobaini. Kisha akainua macho kwenye kioo cha ukutani. Chini ya mtandio, goti la bibi lilikuwa limemwegemeza mtoto mgongoni.

"Bibi, anayepimwa hapa ni nani?"

"Goti limejiendea lenyewe, mwanangu."

"Basi niandike goti lako lina nguvu?"

Bibi alicheka, kisha uso ukamshuka. "Akishindwa, si mtamfuta kwenye orodha ya wanaotibiwa?"

"Nani amfute? Nisipoona anaposhindwa, nitaanzia wapi kumsaidia?"

Hapo bibi akaliondoa goti. Akajivuta hadi mwisho wa godoro, akatoa funguo zake na kuzitikisa. Bi Mkubwa akacheka, akanyoosha mkono wa kulia kuzifuata. Kiwiliwili kikayumba, kikaanza kulalia kushoto, upande ule ule dhaifu.

"Yalaa!"

"Usimguse, bibi!" Kiganja cha dada kilikuwa tayari karibu na kichwa.

Mtoto akaenda. Lakini kabla kichwa hakijafika, ngumi ilifunguka, mkono wa kushoto ukachomoka na kujikita godoroni. Ulimbeba kwa kitambo kidogo tu, kisha kiwiko kikakunjika, naye akalala taratibu kwenye kiganja cha dada. Akaangua kilio. Bibi alishamkwapua.

"Umemwacha mtoto wangu aanguke!"

"Ameanguka vizuri, bibi. Umeuona mkono?"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Haukusubiri kuambiwa, umetoka wenyewe kumkinga. Ila ukimdaka kila mara, mkono utajifunzia wapi?"

Bibi akatazama kifuani pake. Vidole vile vilikuwa vimeng'ang'ania mtandio. Akavifungua kimoja kimoja, akavibusu.

"Kumbe upo," akauambia mkono ule, na machozi yakamtoka.

Nyumbani alipewa kazi ya kumzungushia mito na kumsukuma kidogo, kulia na kushoto, ajifunze kujirudisha. Aliichukia kazi hiyo. Wiki ya kwanza alisukuma kwa kidole kimoja, na pole akiitanguliza. Wiki ya tatu Bi Mkubwa alianza kuona ni mchezo, akawa analia asiposukumwa.

Mwezi wa pili mama mtu alipiga simu ya picha. Bibi akaisimamisha mezani, akarudi kwenye kiti chake kuchambua mchele. Mama alimwona mwanawe amekaa katikati ya mkeka, anagonga sufuria kwa kijiko.

"Mbona uko mbali naye, mama? Nani amemshika?"

"Hajashikwa na mtu," bibi akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.